Rangi ya Fedha kwenye Injini

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo moyo hunienda mbio. Nilikuwa nalileta gari langu kutoka Mombasa, na dada yangu Mwanahawa alikuwa anaolewa kesho yake.

Miaka ile ya Ujamaa mpaka wetu na Kenya ulikuwa bado wazi, nami nilikuwa fundi cherehani hapa Kariakoo, kijana wa mbwembwe. Kuwa na gari binafsi kulifanya watu wakutazame mara mbili. Nilihangaikia vibali mpaka nikavipata, kisha nikautangazia mtaa mzima kwamba bi harusi atapelekwa Magomeni ndani ya gari la kaka yake. Upande wa bwana harusi wakaacha kutafuta gari jingine.

Gari lilikuwa limetumika, lakini zima. Mzee aliyeniuzia alinikabidhi kadi ya gari, akanitakia safari njema. Ningeondoka palepale, yangekwisha. Lakini niliwajua vijana wa Kariakoo: gari likisimama tu, wanataka boneti ifunguliwe. Basi nikanunua rangi ya fedha, nikaipaka injini yote mpaka ikameremeta. Nilicheka peke yangu kwa furaha, nakwambia.

Mpakani, afisa wa forodha, mtu mzima mwenye mvi, alifungua boneti ili alinganishe namba ya injini na ile ya kwenye kadi. Akainama. Akavaa miwani, akainama tena.

"Ndugu, namba iko wapi?"

"Shikamoo mzee. Nilikuwa naipendezesha tu."

"Marahaba. Wanaoficha namba ni wezi, kijana. Kama gari unalo kwa haki, mbona unajivika mwenyewe nguo ya mwizi? Namba isipoonekana, gari halipiti hapa."

Nikamweleza kwamba dada yangu anaolewa kesho. Nilimfikiria Mwanahawa na hina yake mikononi, ananisubiri mimi. Nikaomba petroli na kitambaa, nikavua shati, nikaanza kusugua. Namba zikawa zinatokea moja moja. Kila moja ikitokea, afisa anaisoma kwa sauti, na madereva wa kwenye foleni wanashangilia kama wanasikiliza mpira redioni. Ya mwisho ilipotokea na kulingana na kadi, nilimkumbatia yule mzee, nikamchafua shati lake lote la kazi.

"Nenda kamwoze dada yako," akasema huku anajifuta. "Umpambe yeye, injini uiache."

Asubuhi ya harusi niliingia Kariakoo napiga honi kuanzia Msimbazi. Hakuna aliyetaka kuona injini. Wote walikuwa wanamtazama Mwanahawa.

Ninachokuomba, mwanangu, ni hiki: kitu ulichokipata kwa haki usikionee haya kwa uchakavu wake, wala usizifunike alama zake ili watu wakusifu. Sifa za mtaani ni za dakika mbili, na siku ukiulizwa, alama hizo ndizo zitakazokutetea. Mungu akuvushe kila mpaka, akufikishe salama kwa wanaokusubiri, na akupe furaha kama niliyokuwa nayo mimi asubuhi ile. Amina.