Mafuta ya Mkaratusi Kifuani mwa Binti Yangu

Harufu ya mkaratusi niliipata nikiwa bado kibarazani, narudi kutoka Nzahaha, kwenye karakana tunakochemsha majani na kukamua mafuta yake. Nyumbani kwetu Kamembe harufu hiyo si ngeni. Mafua yakiingia, tunachemsha majani na kumsugua mtoto kwa maji yake. Ila siku hiyo ilinichoma macho.

Mama alikuwa amempakata binti yangu mchanga. Kifua cha mtoto kiling'aa, na chini ya pua pia.

"Maman, umemupaka nini?"

"Mafuta yako. Anakohoa tangu asubuhi." Mama mwenyewe alikuwa na mafua. "Lakini kazini walikupatia ya maji-maji. Niliongeza, nikaongeza, hata hainuke."

Kwa majani, kipimo cha mama ni pua: unasugua mpaka nyumba inukie. Na pua yake ilikuwa imeziba. Tena mafuta si sawa na maji ya majani; gunia zima hukamuliwa likawa kichupa kimoja. Kazini tunavaa glavu kuyashika, ingawa zamani tuliyapaka mikononi tukicheka.

"Ni majani tu," alisema nilipomvua mtoto nguo. "Batoto bangu bote nilibapaka."

Nilimwosha kwa sabuni na maji mengi, naye hakulia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Shingo ililegea. Pumzi ilikuja, ikasita, ikaja tena. Tulichukua pikipiki mbili hadi kituo cha afya, na njia nzima shavu langu lilikuwa puani mwake, nikisubiri pumzi inayofuata.

Muuguzi aliuliza alichopakwa. Mama akamnyooshea kichupa. "Ni mimi, si yeye," alisema.

Walimwekea hewa ya oksijeni. Tulikaa kwenye benchi, mama akikaza macho kwenye mikono yake. Jua lilikuwa linazama mtoto alipolia, kilio cha hasira, na mama akafunika uso kwa kitenge.

Siku hizi wanawake wapya wakija karakanani nawaeleza polepole, bila kumcheka anayesema ni majani tu. Namjua anayesema hivyo, na najua anavyompenda mtoto.

Juzi mtoto alikohoa. Mama hakugusa rafu tunapoweka kichupa.

"Kuja unuse wewe," aliniita. "Mimi sijiamini tena."

Nilinusa. Palikuwa na harufu ya maziwa tu. Hata hivyo niliweka mkono kifuani mwake, nikauacha hapo.