Mashini ya Josée na Majani ya Lumba-lumba

Josée alizaliwa kando ya maporomoko ya Kisangani, na ndiyo maana hajui kunong'ona: kwao, anayenong'ona hasikiki. Baba yake alitega vikapu kwenye maji ya kasi, mama yake Ursule akauza samaki wakubwa, na wale wadogo wenye miiba mingi wakaliwa nyumbani kwa manung'uniko. Josée ndiye aliyepata akili ya kuwasaga hao wadogo, miiba na yote, na kuwafanya buleti, madonge ya samaki ya kukaanga. Akanunua mashini ya aluminiamu ya kuzungusha kwa mkono, na mtaa mzima ukaanza kumletea samaki. Akawa mtu wa kujulikana, na tusifiche, alipenda kujulikana.

Kisha ukatokea msiba mmoja ambapo waombolezaji walihara usiku kucha. Walikula buleti za Josée. Walikula pia wali uliolala na kunywa maji yasiyochemshwa, lakini nani atamshitaki wali? Mkaguzi wa usafi akaja, akamkataza kumsagia mtu yeyote mpaka maabara iseme mashini ni safi. Maabara ikisema ni chafu, mashini itachukuliwa moja kwa moja. Josée alilia mchana kweupe, na kwa sauti yake ile, mtaa wote ulijua.

Javel, ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe, alikuwa ameshaijaribu. Iliila aluminiamu ikaiacha nyeusi yenye vishimo, na ndani ya vishimo nyama ya samaki ikapata maficho. Buleti nazo zikanuka hospitali.

Ndipo alipokutana na Aristide, mtafiti kijana wa kituo cha kilimo cha Yangambi aliyekuwa mjini kwa kazi ya maabara. Alikuwa akila kwake tangu zamani, na marufuku ile ilimuuma tumboni.

"Mama Josée," akamwuliza, "lumba-lumba unatiaka mu supu tu?"

Lumba-lumba ni lile jani la harufu kali linaloota nyuma ya kila jiko. Aristide akamweleza kwamba mafuta yake yana kitu kiitwacho timoli, na timoli hutoboa ngozi ya bakteria hadi wafe. Haiwezi kufanya kazi juu ya uchafu. Chombo kioshwe kwanza kwa sabuni na maji ya moto, ndipo kipakwe. Na kwa kuwa mafuta hayapatani na maji, lazima yachanganywe na pombe kali.

Josée aliruka. Aliruka kweli, kanga ikamdondoka. Dawa ilikuwa nyuma ya jiko lake miaka yote hiyo, naye akiitia kwenye supu!

Pombe kali ya Kisangani ni lotoko, na mtaani kwao lotoko ilipikwa na Rosine. Basi Josée, dada wa kwaya ya kanisa, akaonekana akiingia kwa Rosine jua likiwaka, majani yamejaa mikononi, akiomba pombe na chungu cha kukenekea mafuta pia.

"Mama Josée, hata wewe?" Rosine akashangaa.

"Haiko ya kukunywa!"

"Wote banasemaka vile."

Josée akacheka hadi akakaa chini. Watasema watakavyosema, yeye alikuwa na chupa ya dawa, na nyumba nzima ilinukia.

Alisaga samaki wa kwao, akaosha mashini, akaipaka dawa. Asubuhi Aristide akapitisha pamba ndani yake, akaenda kuipanda kwenye visahani vya maabara, kwa jaribio lao wenyewe kabla ya kipimo cha mkaguzi. Alipovirudisha, vilikuwa vimejaa vidoadoa vya bakteria kama ndui. 

"Haiwezekani," akasema Aristide. "Bon, leo jioni fanya yote, mi niangalie."

Akafanya yote. Sabuni, maji ya moto, dawa kila pembe. Aristide alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Josée akafungua mashini, akatia vipande vyake kwenye kikapu, akashika njia ya mtoni.

"Unaenda wapi?"

"Kuaga mto."

Alilisema kama mtu anayesema anakwenda kufunga mlango. Kwao chombo kilichogusa samaki hakilali bila kuchovywa mtoni, ili mto ujue samaki wake wameheshimiwa na kesho utoe wengine. Hakuwa amelitaja kwa sababu nani hutaja kupumua? Aristide akashika kichwa, akaangua kicheko.

"Mama! Unaua bakteria yote, kisha unaenda kuchukua zingine!"

Josée akatazama kikapu. Halafu naye akacheka, moyo ukimdunda kwa furaha: dawa haikushindwa! Lakini mazoea yana taabu, na taabu yenyewe ilikuwa imekaa kwenye ngazi za mtoni. Mama Ursule ndiye aliyepokea kikapu kila jioni na kukichovya kwa mkono wake.

"Mama, mashini haitakuja tena ku mayi," Josée akamwambia.

"Mto ilikulisha. Leo iko muchafu?"

"Mto iko muzuri, mama. Lakini batu ni wengi huko juu, na vyoo vyao vinaanguka humu."

 Mama Ursule aliinuka, akaingia ndani, na hakula chakula cha jioni. Josée aliumia sana, lakini usiku ule mashini ililala nyumbani, kavu.

Visahani vya pili vilirudi vyeupe. Josée alipiga kelele hadi wavuvi wakageuza vichwa kwenye mitego yao. Akamkumbatia Aristide, akamkumbatia Rosine, na mkaguzi alipokuja na jibu safi la maabara kutoa ruhusa nusura naye akumbatiwe. Kabla ya saa sita watu walikuwa wamepanga mstari na mabeseni ya samaki.

Jioni, alipokwisha kupaka dawa, alimtafuta mama yake asimwone. Akamkuta kwenye ngazi, mikono mitupu, ameinama juu ya maji, anazungumza polepole.

"Imebaki ku nyumba," alikuwa akisema. "Usikasirike. Si dharau. Batu walikuwa banagonjwa, na mutoto yangu amewaponyesha. Kesho utupe samaki tu, sawa siku zote."