Vibaba vya Kufika Mikese

Juzi mjukuu wangu alinisomea daftari lake la shule: namna ya kugeuza nguvu ya chakula iwe nguvu ya mashine. Nikacheka, rafiki yangu, maana hesabu hiyo niliijua tangu Morogoro ya Mdachi, kwa baba yangu mpagazi.

Baba alikuwa na sugu ya mizigo begani, ngumu kama kwato. Safari alizipima kwa vibaba vya unga. Alfajiri humwambia mama, "Leo Mikese, nipimie viwili." Kumpelekea bibi chumvi kule juu Uluguru kulikuwa vitatu, ingawa ni karibu zaidi. "Mlima nao unakula," alisema. Mtama wa unga huo niliutwanga mimi, na hadi leo nasikia harufu ya pumba na kishindo cha mchi.

Kisha reli ikafika. Jirani yetu akapata kazi ya kutia kuni kwenye garimoshi. Jioni moja akaja, uso umejaa masizi, akatuambia lina nguvu za farasi mia mbili. Farasi mwenyewe nilikuwa sijamwona hata mmoja. Baba akauliza, "Farasi mmoja ni wapagazi wangapi?"

Kesho yake jirani akamuuliza fundi wa Kidachi, akatuletea jibu: kama kumi hivi.

Nikakaa mkekani na punje mia mbili za mtama, kila punje farasi mmoja, nikahesabu kumi kumi mpaka mwisho. "Elfu mbili, baba! Wapagazi elfu mbili!" nikapiga kelele kwa furaha. Jirani akatazama chini. Baba akainuka, akaenda kuketi kizingitini, akipapasa bega lake. Ndipo nilipoelewa nilichokihesabu.

Ugali ulipoiva hakuja. "Sina safari," alisema. "Nile ya nini?"

Mama akabeba sinia mpaka mlangoni, akaketi kando yake. "Hiki si kibaba cha Mikese," akamwambia. "Hiki ni chako tu. Kula, baba watoto."

Akala, polepole. Nami nikasogea nikala naye, nikiogopa kumtazama usoni.

Misafara ilipokwisha alilima ndizi na maharage mlimani, akaishi miaka mingi. Lakini wapagazi walikuwa na wimbo wao wa kuingia mjini. Tukiusikia kwa mbali, watoto wote tulikimbilia njiani kuwapokea baba zetu. Sauti ya wimbo huo ninayo. Maneno yamenitoka, na wa kumuuliza hayupo.