Mtangazaji wa Dirishani

Kwa Wabukusu, mwanaume na mama wa mke wake hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani kila mmoja anatafuta upande wake wa barabara. Mimi ni mzaliwa wa Kitale. Wazazi wangu walitoka mkoa wa Central wakaja kulima mahindi, na kwetu mama mkwe ni mtu unayemsalimia vizuri, mkanywa chai, mkacheka, basi. Nilipooa kule Bungoma, karibu na Kibabii, niliambiwa masharti haya siku yenyewe ya harusi. Nikasema sawa. Mtu akishavaa suti ya harusi anakubali chochote.

Kila Jumatatu mimi na mke wangu hupeleka chakula cha kuku Bungoma kwa pikapu, na tukimaliza tunapitia kwa mama yake. Mke wangu anaingia ndani. Mimi natolewa kiti cha plastiki kwenye veranda, chini ya dirisha la sebule, na chai yangu inanifuata huko huko. Mama akitaka kuniambia jambo, anamwambia binti yake, binti anatoka nje kuniambia, ingawa nimeshasikia kila neno kupitia dirishani. Nami nasubiri nikijifanya kiziwi. Heshima ni kazi ngumu jamani, na haina likizo.

Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa amani mpaka shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba hiyo, akaajiriwa kucheza mpira Amerika.

Si mpira huu wetu. Ni ule wao wa kukumbatiwa kifuani, wanaume wamevaa helmeti na mabega ya plastiki, wanagongana mpaka unajiuliza mama zao wako wapi. Kijana alienda huko kusoma. Hapa nyumbani alikuwa amecheza raga shuleni, kwa hiyo walipoona ana teke, wakamchukua. Kazi yake ni moja tu: wenzake wakishindwa kufika mwisho wa uwanja, yeye anaitwa, anaupiga mpira teke upite kati ya milingoti miwili, timu inapata pointi tatu, anarudi kukaa. Mechi inachukua saa tatu nzima, na yeye ukimjumlisha hafikishi dakika mbili. Mama alipomwona mara ya kwanza alimuuliza binti yake, "Sasa hizo saa zingine anafanya nini? Anafagia?"

Lakini mama alikuwa na jambo zito moyoni, na hilo halikuwa la kucheka. Baba mkwe alifariki kijana akiwa huko ng'ambo, karatasi zake za kusafiri zikiwa bado hazijakaa sawa, akazikwa bila yeye. Makumbusho, ile ibada ya kumkumbuka mzee na kuweka msalaba kaburini, yakapangwa Januari, Jumamosi ya pili. Katekista ameshatangaza kanisani, ukoo umeshaambiwa, na mama alikuwa amesema mbele ya watu kwamba msalaba wa kaburi utabebwa na kitinda mimba. Mambo yalikuwa hivi: msimu wao wa kawaida unaisha Jumapili kabla ya makumbusho. Timu ikikosa kuingia kwenye mtoano, kijana anapanda ndege. Ikiingia, anabaki kucheza. Yaani mtoto akifanya kazi vizuri, atamkosa baba yake mara ya pili. Akiharibu, atakuja, na pengine asiwe na kazi ya kurudia.

Mama hata alimshonea suti. Fundi alipouliza vipimo, mama alimwonyesha kijana kwenye simu, akiwa amevaa yale mabega ya plastiki. Fundi akashona alichokiona. Ile suti ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango wa sebule, na mabega yake yangetosha mtu na jirani yake.

Mimi niliingiaje? Kwa kiherehere changu. Mechi zenyewe huchezwa wakati huku ni usiku, na nyumba ya mama inalala mapema. Kwa hiyo mke wangu alikuwa anazipakua kwenye simu, anaichomeka kwenye runinga, na tunazitazama Jumatatu mchana, wao ndani na mimi dirishani. Matokeo hakuna anayeruhusiwa kuyatafuta, na kijana mwenyewe alikatazwa kupiga simu kabla ya Jumanne. Jumatatu ya kwanza walikaa humo ndani hawaelewi kitu. Mimi sheria zake nilikuwa nimezisoma dukani kwetu, kwa sababu mvua ya Kitale ikianza hakuna mteja. Uvumilivu ukanishinda. Nikapaza sauti, "Wana nafasi nne za kusonga yadi kumi!"

Halafu nikamsikia mama: "Muulize huyo, wakishindwa?"

Mke wangu akatoka nje. "Mama anauliza wakishindwa?"

"Mwambie ndio wanamwita kijana."

Akarudi ndani. "Anasema ndio wanamwita kijana."

Basi nikawa mtangazaji. Mke wangu wiki ya pili alichoka kutembea, akahamia mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje.

Timu yenyewe mama aliiita kampuni, kwa sababu ndiyo inayolipa mshahara. Na hiyo kampuni ilitutesa! Ilianza kwa kushinda mechi tatu, kijana akipachika mateke yote, na chai yangu ikawa inakuja strungi, bila maziwa wala kipande cha mkate. Halafu ikaanza kupigwa. Ikapigwa, ikapigwa tena, ikapigwa na timu ambayo hata wenyewe walishangaa kushinda. Ghafla kwenye veranda kukaja mandazi. Nilishiba msimu ule kwa hasara ya watu wengine.

Siku moja kijana akagonga mlingoti, mpira ukarudi uwanjani, na mama akapiga makofi. Mke wangu akamgeukia. "Mama!"

"Naua mbu," mama akasema. Saa tisa mchana, jua linawaka.

Lakini wiki hiyo hiyo aliwaita akina mama wa kanisa wakafunga kumwombea kijana miguu. Sijui Mungu aliyaelewaje maombi ya nyumba ile. Kampuni ikafufuka, ikashinda nne mfululizo, ikateleza tena, ikashinda kwa bahati, na mandazi yakawa yanakuja na kuondoka. Mimi nikaanza kukosa usingizi Kitale kwa ajili ya watu ambao hata hawajui kwamba kuna Kitale.

Ikafika mechi ya mwisho. Kampuni ikishinda, inaingia mtoano. Ikishindwa, imekwisha, na makumbusho ni Jumamosi ile. Siku hiyo mama hakunitumia strungi wala mandazi. Alisahau kabisa kwamba niko.

Zikabaki sekunde chache. Kampuni iko nyuma kwa pointi mbili. Wenzake wakashindwa kusonga, kijana akaitwa. Nikasimama, nikashika vyuma vya dirisha. "Hii ndiyo yenyewe! Pointi tatu! Akifunga, wameshinda!"

Stima ikapotea, runinga ikazimika.

Nilitukana, na kwa mara ya kwanza mama mkwe alinisikia nikitukana. Mke wangu akachomoa simu haraka, akaisimamisha mechi. Kaka yake akaganda hapo hapo kwenye kioo kidogo, mguu nyuma, mpira bado uko chini. Mimi kutoka dirishani sioni kitu.

"Basi nitatangaza mimi," mke wangu akasema. "Amesimama. Wengine wameinama."

"Wacha," mama akasema. "Wewe hujui. Tutoke nje."

Akatoka, amejifunika leso mpaka machoni. Nikaruka kando niwaachie nafasi, naye akanionyesha kwa kidole nikae kwenye benchi la ukutani. Mke wangu akakaa katikati yetu kama ukuta, simu mkononi. Mama akatazama ile simu kwa muda. Kisha akaniuliza, mimi mwenyewe, kwa mdomo wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimwoe binti yake.

"Ikiingia?"

"Ikiingia wanaendelea, mama. Jumamosi hatakuwepo."

"Na ikikosa?"

"Ikikosa yuko njiani. Lakini amekosa mara nyingi mwaka huu, mama. Wanaweza kumwachisha kazi."

Mama akainua uso, akatazama kule nyuma ya migomba ambako mzee amelala. Kuku walikuwa wanachakura juu ya kaburi, na hakuwafukuza. Mke wangu alikuwa analia kimya kimya, kidole kiko juu ya kioo. Nami, nawaambia ukweli, sikujua nitake nini.

"Wachilia," mama akasema.

Mke wangu akabonyeza. Kijana akapiga. Mpira ukapanda, ukaanza kupinda kuelekea mlingoti wa kushoto, na mama akasimama wima, leso ikaanguka, akamfokea mtoto wake aliyekuwa upande wa pili wa dunia: "Ingia! Ingia, papa! Ingia bana, ingiaaa!"

Ukaingia. Ukapita ubavuni mwa mlingoti, ukaingia.

Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Alikuwa amenishika mkono, anautikisa mpaka bega linauma. Tuliuona wote kwa pamoja, ule mkono wake juu ya wangu. Akauachia, akaokota leso, akakaa, akajifunika, akalia. Nililia na mimi, nikiangalia pembeni.

Alipomaliza akafuta uso na kujiweka sawa benchini, mgongo umenyooka. Akamgeukia binti yake, aliyekaa kati yetu, na kusema:

"Mwambie bwana yako ampigie katekista. Makumbusho tunasongeza mbele mpaka kijana aje. Mzee hana haraka, ni sisi tu tulikuwa na haraka."

Mke wangu akanigeukia, akanirudishia yote, neno kwa neno.

"Mwambie mama nimesikia," nikasema.

"Mama, amesikia."