Binti Yangu Alinifundisha Kusoma, Nikaacha Aitwe Mzito

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, fundi cherehani hapa Mlandege, Iringa. Nimeomba ukurasa huu ulifiche jina langu, na kwa kuwa mafundi wenye kitambi Mlandege tupo wengi, sina wasiwasi. Nina mke, Mnyakyusa niliyemtoa Ilomba kule Mbeya, na binti wa mwisho nitakayemwita Atupele, ingawa silo jina lake.

Nianze na aibu yangu. Mpaka mwaka juzi sikujua kusoma. Vipimo vya wateja niliviweka kwa mafundo kwenye uzi, kila mteja na uzi wake, fundo la kiuno, fundo la urefu, na sikuwahi kumpa mtu suruali ya mwenzake isipokuwa mara moja tu, na padri alinisamehe. Lakini mtaani nilijulikana kama msomi, maana nilikuwa nakata magazeti kuwa vipande vya kupimia nguo, na kila apitaye alinikuta nimeinamia gazeti. Kisomo cha watu wazima kilipofunguliwa jirani na kibanda changu, nikawa nawatania wazee wakitoka darasani: "Wanafunzi, leo mmechapwa ngapi?" Walicheka, nami nikacheka. Kwa mdomo huohuo ningeingiaje kukaa nao dawati moja? Mwisho wazazi wakanichagua kwenye kamati ya shule anayosoma Atupele. "Ndugu Fundi ni mtu wa magazeti," walisema. Nikanyamaza, nikachaguliwa.

Balaa lilikuja Mwalimu Mkuu aliposema kwamba majibu ya darasa la saba yakitoka kutakuwa na mkutano wa wazazi, na taarifa ya shule itasomwa na mjumbe mzazi, yaani mimi. Nilirudi nyumbani jasho linanitoka na baridi yote ile ya Iringa. Atupele alikuwa darasa la saba. Nikamwambia, "Mama, nifundishe kusoma." Hakucheka. Alisema, "Keti, Baba."

Basi kila alasiri akitoka shuleni tulikaa kibarazani. Alichukua chaki yangu ya kuchorea nguo, akaniandikia herufi kwenye kitambaa cheusi. Nilikuwa mgumu jamani! "Baba, hii uliisoma jana." "Jana ilikuwa imesimama vizuri, leo umeilaza." "Haijalala, Baba. Umechoka wewe. Soma." Madaftari yake yalikaa kwenye mkoba. Nilipomuuliza, "Na kazi zako za shule?" alijibu, "Nitafanya, malizia mstari kwanza." Nami nikamalizia mstari. Nilijua mtihani wake umekaribia. Nilijua, wala sikumwambia aniache.

Siku ya mkutano darasa lilijaa. Kabla sijasoma, Mwalimu Mkuu alisimama, akasema, "Wazazi, igeni mfano wa Ndugu Fundi. Kila alasiri yuko kibarazani na mtoto wake, kitabu katikati. Hivyo ndivyo mtoto anavyosaidiwa nyumbani!" Nikapigiwa makofi. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Kisha akanikabidhi taarifa, ndiyo kwanza naiona, nikasoma. Mahindi ya shamba la shule, sawa. Choo kipya cha wasichana, sawa. Dirishani nilimwona Atupele na wenzake, midomo yake inaifuata yangu, neno kwa neno. Nikafika kwenye majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. Karatasi ikaisha. Niliigeuza nyuma nikatafuta, na nyuma palikuwa peupe. Nilipotazama dirishani, midomo yake ilikuwa imefumbwa.

Wakati wa kutoka, mama mmoja mteja wangu alinishika mkono. "Pole, Fundi. Wewe umejitahidi, basi tu mtoto mwenyewe ni mzito." Na mimi, wasomaji, nilijibu, "Ndiyo hivyo, mama, tufanyeje." Atupele alikuwa nyuma yangu. Alisikia. Tulitembea hadi nyumbani akiwa amenibebea koti.

Sasa kisomo kinatafuta mwalimu msaidizi miongoni mwa waliomaliza darasa la saba, na kamati yetu ndiyo itakayopendekeza jina. Atupele ameomba. Kwenye kikao kilichopita Mwalimu Mkuu alisema, "Ndugu wajumbe, huyu baba yake amekaa naye mwaka mzima akashindwa. Yeye atamfundisha nani?" Wote wakanitazama kwa huruma. Nilikuwa nimekaa palepale, mwanafunzi wake wa kwanza, taarifa ya kikao mkononi nikiisoma bila kukwama. Nikaanza kuchezea uzi wa shati langu. Uamuzi ukasogezwa hadi kikao kijacho, baada ya mavuno.

Nyumbani aliniuliza, "Wamesemaje, Baba?" Nikamjibu kwamba bado wanafikiria. Akacheka. "Mimi kazi ile naiweza. Kama kusoma kulikuingia wewe, mwanafunzi gani atanishinda?" Halafu akaacha kucheka. "Lakini usiwaambie habari zetu. Wale wazee uliowatania watakucheka mpaka ufunge kibanda. Niahidi, Baba." Nikamuahidi haraka mno, kama mtu aliyekuwa akiingojea ruhusa hiyo. Hapo ndipo ninapoumia. Nikisema, nimevunja ahadi ya mtoto wangu. Nikinyamaza, naitunza ahadi inayonifaa mimi, na yeye anabaki mzito mbele ya mji mzima.

Nawaombeni ushauri, wasomaji wenzangu: kwenye kikao kijacho nisimame au niendelee kukaa? Nikaripieni tu, nimestahili. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, siku tano, na cherehani imelala. Majibu yenu yakichapishwa sitamwita Atupele anisomee. Nitayasoma mwenyewe, yote, hata yale ya kunitukana.