Jirani Aliyeambiwa Atembee

Jirani yangu hapa Arlington, Marekani, ni mama wa Kimeksiko. Daktari alimwambia atembee kila jioni apunguze sukari, mumewe akamcheka: "Utembee uende wapi, na gari lipo?" Mama akaacha.

Jumatatu jioni niliwaona wanawake watatu anaofanya nao kazi ghalani wakimgongea mlango waende naye kutembea. Mume akauliza, kwa Kihispania ambacho hata mimi nilikielewa, "Na chakula changu?"

Mkubwa wao akanyoosha kidole ndani. "Jiko si lile pale?"

Wakaondoka wote wanne, wakicheka. Bwana akabaki mlangoni, mikono kiunoni.

Sisi wanaume huwahurumia sana wake zetu wanapotaka kutoka. Niligeuka nimweleze hivyo mke wangu, kumbe ameshawafuata, na mimi sijui chumvi inakaa wapi.