Devotha wa Zamu

Ukitaka kumchokoza Sesilia Kasiani, mwambie kwamba watu wa Mikumi hawapendi kazi. Atakutazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, kisha atakuuliza kama umewahi kupalilia mpunga na kutandika vitanda katika siku hiyohiyo. Yeye amewahi. Babu yake aliletwa Kilosa kukata mkonge, baba yake akazaliwa kambini, naye akaingia hotelini kwa Zabron akiwa mfagiaji wa uani, akapanda taratibu mpaka akawa msimamizi wa wahudumu wote wa vyumba. Ni cheo kikubwa kukitamka. Kazi yenyewe ilikuwa kuamka kila asubuhi na kutafuta nani hajaja.

Maana hoteli ile, iliyo kando ya barabara kuu malori yanapopunguza mwendo kuingia mjini, ilikuwa na kila kitu isipokuwa watu. Vyumba vipo, feni zinazunguka, picha ya tembo ipo mapokezini. Ikifika palizi, wahudumu wanapotea. Ikifika mavuno ndiyo usiseme, na mavuno nayo yanagongana na msimu wa watalii. Wasichana waliotolewa Morogoro walikaa muda mfupi, wakaona hakuna pa kwenda jioni zaidi ya kutazama malori, wakapanda basi. Na yule aliyevumilia mpaka akaiva, akajua kusalimia wageni kwa Kiingereza na kulikunja taulo likawa bata, hoteli za karibu na hifadhi zilimchukua bila hata kubisha hodi. Zabron, mwenye hoteli, aliyekaa Dar es Salaam na kuja mara mojamoja na gari lake jeupe, alijaribu kila dawa aliyoisikia. Aliwakata mishahara wasiofika. Alianzisha zawadi ya mfanyakazi bora. Aliyeipata aliondoka wiki ileile, bila shaka kwa kuwa alishaambiwa yeye ni bora.

Basi asubuhi moja ya palizi Devotha hakuja. Huyu alikuwa binti wa Bibi Ngolo wa Kisanga, wa familia iliyohamia na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, msichana mrefu, mchapakazi, asiyependa maneno. Badala yake alikuja mwanamke mfupi, amevaa sare ya Devotha, mikono imemfunika mpaka vidoleni, na kifuani ana kitambulisho chenye jina la Devotha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe ni nani?"

"Kishiwa, mke wa Shimba, kaka yake Devotha. Wifi yangu yupo shambani. Mama mkwe kasema nije mimi, kazi isilale."

"Hii ni kazi ya hoteli, mwanangu. Siyo kuchunga."

"Mama mkwe kasema ni hivyohivyo tu. Mchungaji akiwa na shughuli, anatoka mwingine. Ng'ombe ni wa nyumba nzima."

Sesilia alitaka kumrudisha alikotoka. Lakini hoteli ilikuwa imejaa watu wa semina, na mashuka ya jana yalikuwa yamelundikana mlangoni mwa dobi. Akampa ndoo. Kishiwa, aliyekuwa hajawahi kuona kitanda cha kubana kona za shuka, alionyeshwa cha kwanza, akasaidiwa cha pili, na cha tatu akakitandika peke yake akiwa anaimba kwa sauti ya chini. Kufikia adhuhuri Sesilia alikuwa amekwisha kusahau kukasirika.

Jumapili akaenda Kisanga kwa bodaboda kumwona Bibi Ngolo. Alikaribishwa kwa maziwa mgando na ugali wa mtama, na walipokwisha kunawa, bibi akamweleza jambo lake bila kuzunguka. Nyumba yake haiwezi kutoa mtu mmoja akapotea mwaka mzima. Lakini inaweza kutoa kazi, na kazi hiyo haitalala hata siku moja, mradi asiulizwe leo anakuja nani. Sesilia alirudi Mikumi akitabasamu kwenye vumbi. Kwa miaka yote ile walikuwa wakimtafuta mtu asiye na shamba, na mtu wa namna hiyo katika wilaya ya Kilosa ni mgeni au ni mgonjwa.

Akauotesha mpango ule kimyakimya. Kila nafasi ya vyumbani akaipa nyumba badala ya mtu: Kisanga, Chanzuru, na nyumba nyingine za palepale Mikumi. Kila nyumba ilitoa wawili wa kupokezana, akawafundisha wote, mara mbili kazi, mara mbili maneno. Kwenye makaratasi jina lilikuwa moja. Mshahara ulikwenda kwa mwenye jina, na nyumbani waligawana wanavyojua. Palizi ikaja ikapita, mavuno yakaja yakapita, na vyumba vya Zabron vikawa safi kama vile hakuna mvua duniani. Na kulikuwa na faida nyingine ambayo hakuitarajia: hakuna hoteli iliyoweza kumwiba mhudumu wake. Wangemwibaje? Wangemchukua Devotha wa masika, wakabaki na nusu ya mtu.

Wageni wachache waliorudi mara ya pili walishangaa kidogo. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia Sesilia kwamba yule binti Devotha amepungua urefu. Sesilia akamjibu ni kazi nyingi, wakacheka, yakaisha. Zabron alimsifu mbele ya watu, akasema mama huyu ana mkono wa watu. Sesilia alipaswa kumweleza siku ile, wakati sifa bado ni za moto. Hakumweleza. Alijiambia kwamba tajiri anataka vyumba safi na vyumba ni safi. Miaka mitano ikaenda hivyo.

Kisha treni ya umeme ikaanza kusimama Kilosa, ndege ndogo zikaanza kuleta watalii wa siku moja kutoka visiwani, na Zabron akaona hoteli ya watu wa semina haimtoshi tena. Kampuni moja ya utalii ilikubali kumpa wageni wake kwa sharti kwamba kila mfanyakazi awe na mkataba, vipimo vya afya na uzoefu unaoeleweka. Akaajiri afisa wa rasilimali watu, kijana aitwaye Brayson, aliyesomea mambo hayo chuoni. Alikuwa kijana mzuri, hilo lisemwe. Alimwamkia Sesilia kila asubuhi, alihakikisha michango ya mafao inapelekwa, alipigania wahudumu wapate chai ya saa nne. Ila alikuja na mashine ya kusoma vidole, akaibandika ukutani karibu na jiko.

Zabron aliwakusanya wote uani siku ya kuizindua.

"Serikali imepigana na wafanyakazi hewa," alisema, "na mimi nitapigana nao. Jina la mtu, kidole cha mtu. Nikimkuta mmoja anayekula kwa jina la mwenzake, huyo na aliyemwingiza, nawapeleka polisi wote wawili."

Wafanyakazi hewa ni majina yasiyo na watu. Sesilia alikuwa na watu waliozidi majina, na wote walikuwa wakifanya kazi. Lakini utaanzaje kumweleza hivyo mtu aliyekwisha kutaja polisi? Ukiwatoa hadharani wa nyumba moja, watachunguzwa wa nyumba zote. Alipiga moyo konde, akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia wachague kidole kimoja. Kwa Bibi Ngolo hakukuwa na la kuchagua. Jina lilikuwa la Devotha, kidole kikawa cha Devotha.

"Na Kishiwa?" bibi aliuliza.

"Apumzike kidogo. Nitamtafutia nafasi yenye jina lake mwenyewe."

Alisema vile kwa moyo wake wote. Kishiwa alikuwa amesimama karibu na zizi, mtoto mgongoni, naye akaitikia, "Sawa, mama," kama mtu aliyeahidiwa kitu cha kweli.

Mambo yakaharibika upesi, tena kwa njia ambayo hata Brayson hakuielewa. Palizi ilipofika, wenye vidole walitakiwa shambani na kazini kwa pamoja, na shamba likashinda kwa wengi. Waliobaki walikuwa na mkataba wenye picha na jina, na barua ya uzoefu juu yake. Kitu hicho hakuna aliyewahi kuwa nacho. Sasa hoteli za karibu na hifadhi ziliweza kuchukua mtu mzima. Devotha alikuwa wa kwanza kuondoka. Alikwenda kwenye hoteli ya mahema, baadaye ikasikika yupo Zanzibar, na nyumbani simu zake zikawa za Krismasi tu. Nani amlaumu? Alikuwa amechoka kuwa nusu. Lakini Bibi Ngolo alilala siku nzima amegeukia ukuta.

Mwaka huohuo Shimba, mume wa Kishiwa, aliswaga ng'ombe kusini kutafuta malisho, na mpaka leo hajarudi wala kutuma salamu. Mpunga ukasombwa na mafuriko. Kishiwa akabaki na mama mkwe, watoto wawili, na ahadi ya Sesilia. Alikuja Mikumi mara kadhaa kuulizia, kila mara anaondoka akishukuru. Sesilia naye hakulala vizuri, maana hakuwa amesahau hata siku moja. Nafasi hazikuwa zimekosekana. Zilikuwa wazi tele, ila zote zilidai uzoefu, na uzoefu wa Kishiwa ulikuwa umeondoka na Devotha.

Mwishowe alimshawishi Brayson akubali kuwajaribu watu wa vijijini kwa vitendo. "Mwache mtu atandike," alimwambia. "Kitanda hakidanganyi." Brayson aliona ni wazo zuri. Zabron alikuwepo wiki ile, akasema atakaa atazame mwenyewe, kwa kuwa wakala mmoja wa Dar es Salaam alikuwa tayari kumletea wahudumu jumla kama ikishindikana.

Kishiwa alifika asubuhi, amefunga kitambaa kipya kichwani. Aliwaamkia wote watatu, na alipofika kwa Sesilia alisema, "Shikamoo, mama," kwa macho ya chini, kama asiyemjua. Walikuwa wamekubaliana hivyo. Sesilia akaitikia, "Marahaba, binti," kama anavyowaitikia wageni.

Wakampeleka chumba cha ghorofani. Kishiwa akavua mashuka, akayakunja yasiguse sakafu, akageuza godoro, akabana kona, akapanga mito, akafuta juu ya mlango mahali ambapo hakuna anayekumbuka kufuta, akalichomoa birika kwenye umeme kabla ya kulikausha. Mwisho akalikunja taulo likawa bata, akaliweka kitandani. Sesilia aliyemfundisha kila kimoja alitamani kulia kwa fahari. Hakuwa na mhudumu mwingine kama yule, hakuwahi kuwa naye.

Brayson alipiga makofi mawili. "Safi sana. Umewahi kufanya kazi hotelini, dada?"

Macho ya Kishiwa yalikwenda kwa Sesilia, yakakaa hapo kidogo tu. Sesilia akatazama bata la taulo.

"Hapana," Kishiwa alisema. "Sijawahi."

"Umejifunza wapi basi?"

"Nyumbani."

Zabron akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Nyumbani Kisanga kuna birika la umeme? Kuna taulo za kukunja bata?" Akasimama. "Brayson, huyu ni mtu wa hoteli. Tena mzoefu. Kama anaficha alikotoka, ujue alikotoka alifukuzwa. Hawa ndio wanaoingia vyumbani na kutoka na simu za wageni."

"Labda tumpe nafasi ya kujieleza," Brayson alisema.

"Ajieleze nini? Mama Sesilia, wewe ni mwenyeji huku. Unamfahamu?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno yalikuwepo, mepesi kabisa: huyu amekufanyia kazi miaka mitano, vitanda ulivyosifiwa ni vyake. Nyuma ya maneno hayo Sesilia aliwaona polisi, akaziona nyumba nyingine zikiitwa moja moja, akauona uzee wake ukikaa bila mafao.

"Namwonaona tu sokoni," alisema.

Kishiwa hakushtuka. Alirekebisha mto mmoja ambao haukuhitaji kurekebishwa, akasema, "Asanteni kwa muda wenu," akaanza kushuka ngazi.

"Apekuliwe kabla hajatoka," Zabron alisema. "Amekaa chumbani na vitu. Mama, nenda wewe, ni mwanamke mwenzako."

Pale getini mlinzi alisogea pembeni, na juu kwenye baraza Zabron na Brayson wameegemea ukingo wanatazama. Kishiwa aliufungua mkoba wake mwenyewe, akaushika kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na kanga, kipande cha sabuni, na viatu vya raba vya kufanyia kazi, vimeoshwa vikang'aa, maana alikuja akijua huenda angeanza leoleo. Sesilia aliingiza mkono juujuu, akautoa.

"Tafuta vizuri, mama," Kishiwa akamnong'oneza. "Wanakuangalia."

Sesilia akaingiza mkono tena, mpaka chini, akapekua kiatu kimoja, kisha cha pili.